Kitenge Kilichorudi

Aibu yangu ilikuja kwa posta, ndani ya bahasha nene ya kahawia yenye stempu za Amerika, na mimi mwenyewe ndiye niliyeibeba kwa mikono yangu miwili mpaka kanisani. Ninalisema hilo mwanzoni ili mtu asifikiri kwamba huko mbele nitajisafisha. Waliokuwepo Jumapili ile wanajua nusu ya mambo, na nusu yenyewe ni ile ya uongo. Nusu nyingine ninaiandika hapa kwenye daftari, kwa Kiswahili, kwa sababu mdogo wangu Patient anapekua vitu vyangu vyote lakini Kiswahili anakisikia tu, kukisoma hawezi.

Mimi ni Mapendo. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari, na tulikuwa tunakaa Schaerbeek (bado tunakaa hapo hapo), ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mturuki anayeuza mablanketi. Mimi ni mtu wa haya. Sisemi zile haya za kupendeza, za msichana anayeangalia chini huku anajua anaangaliwa. Zangu ni zile za kupitilizwa kituo changu cha tramu kwa sababu watu wamesimama mlangoni na mimi siwezi kusema pardon, basi ninajifanya kwamba nilitaka kwenda mbele zaidi, ninashuka mwisho wa laini, ninarudi kwa miguu. Imenitokea mara tatu, mbili kati ya hizo mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje mpaka kuomba chuo kikuu cha Amerika, tena kile ambacho wanaoingia ni wachache kama wali uliobaki chini ya sufuria? Ni Madame Susan. Maman yangu anamlea mtoto wake huko Auderghem, nyumba ya mwisho mwisho karibu na msitu, na Jumatano mchana, shule ikifungwa mapema, mimi huenda kumsaidia. Madame Susan ni Mwamerika. Alinikuta siku moja ninasoma vitabu vyake vya Kiingereza badala ya kukunja nguo, na badala ya kukasirika akaniletea kitabu chembamba chenye picha za chuo kimoja (jina lake sitaliandika), majengo ya matofali, miti myekundu, wanafunzi wamelala kwenye majani na viatu wamevua.

Akanieleza kwamba kuna njia mbili za kuomba. Ya kawaida, unaomba vyuo vingi, unangoja mpaka mwaka mpya umeshakolea. Na kuna ya mapema: unachagua chuo kimoja tu, unatuma karatasi mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, na unasaini ahadi kwamba wakikuchukua utaenda kwao na kwingine kokote utaachana nako. Wao wanajibu katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Familia ikiwa haina uwezo, chuo chenyewe kinalipa. "Wanapenda mtu anayewataka wao tu," alisema Madame Susan. Akanirekebishia insha yangu mara nne, akaniambia nitume kile walichoomba, hicho tu, hata ukurasa mmoja usizidi.

Niliitaka ile nafasi. Hilo ni lazima liandikwe, kwa sababu baadaye watu walidhani ni Maman aliyetaka, au Madame Susan. Ni mimi. Kile kitabu chembamba nilikilalia chini ya mto tangu likizo kubwa mpaka kikaanza kunuka nywele zangu.

Ahadi ilihitaji saini tatu: yangu, ya shule, ya mzazi. Ya shule nilipata. Jioni moja nikaiweka karatasi mbele ya Papa, wakati anakunywa chai, nikamtafsiria mstari kwa mstari.

Papa alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapa Belgique muntu anamaliza sekondari, anaenda na diplôme yake, banamuandika, inaisha. Sasa hii ni chuo gani inachagua kama bibi arusi?"

Nikamwambia ndivyo walivyo. Nikarudia sehemu ya chuo kimoja tu, na ya kutogeuka nyuma.

Akageuza kikombe. "Bon. Basi hii haiko kuandikisha. Hii ni kuposa."

Na kama ni kuposa, Papa hawezi kusaini peke yake wakati kaka yake mkubwa yuko hai na anakaa Evere, mabasi mawili tu kutoka kwetu. Jumapili iliyofuata Baba Mukubwa akaja, suti ya kijivu, kofia mkononi, kalamu ya wino kwenye mfuko wa kifua. Kwetu Bukavu yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kila familia ilipokwenda kuomba msichana, na hapa Brussels ndoa za watu wa kwetu karibu zote zimepita mdomoni mwake. Alisoma karatasi ya ahadi pande zote mbili, ingawa Kiingereza hajui na upande wa pili haukuandikwa kitu.

"Sikiliza, mutoto," akaniambia. "Unaenda kuahidi nyumba moja tu, si ndiyo? Na bale bantu hatubajui, na beye habatujui. Donc hatuwezi kutuma karatasi tupu, kama vile tunaomba batuletee gaz."

Akaeleza desturi, kwa ajili yangu na Patient tuliokulia huku. Ukienda kuposa unapeleka zawadi. Wenyewe wakiiweka ndani, mazungumzo yanaendelea. Wakiirudisha, umekataliwa, na hakuna mtu atakayetamka neno la kukataa, wala wewe hutauliza. Zawadi inasema yenyewe. Unaichukua, unashukuru, unarudi kwako, na hupiti tena mbele ya nyumba ile.

Maman akaingia chumbani, akatoka na kitenge kipya kabisa, cha bluu chenye ndege wa manjano, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Baba Mukubwa akakikunja kama shati la dukani. Akaandika barua kwa Kifaransa, ya kunitambulisha: mtoto wa nani, mjukuu wa nani, haibi, hajibu wakubwa. Wakasaini Papa, yeye, Maman, na chini akapiga muhuri wa mutualité, chama cha kusaidiana cha watu wa Bukavu ambacho yeye ni katibu wake, kwa sababu anaamini kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga.

"Madame Susan anajua ya kitenge?" Maman aliuliza.

Hapo ndipo. Maneno ya Madame Susan yalikuwa mdomoni mwangu tayari, hata ukurasa mmoja usizidi, nilikuwa ninayaonja. Lakini Baba Mukubwa alinigeukia, bila ukali, akasema, "Ama unasikia haya juu ya desturi yetu?"

"Hapana, Baba Mukubwa," nikasema.

Maneno matatu. Yote yaliyofuata yametoka humo.

Papa akasaini na ile ahadi, kifurushi kikaenda. Madame Susan alikuwa amenifundisha jambo moja zaidi, na mimi nikafanya kosa la kumwambia Maman: kwamba jibu linajulikana kabla ya kufungua, kwa unene. Wakikuchukua wanatuma bahasha nene, ina fomu, ina ramani, ina karatasi za bweni. Wakikukataa ni bahasha nyembamba, ukurasa mmoja. Maman akamwambia Maman Béatrice, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi cha maombi cha akina maman kanisani kwetu, na Maman Béatrice hajawahi kupokea habari akakaa nayo. Kufikia Jumapili ya pili akina maman walikuwa wanafunga kila Ijumaa kwa ajili yangu, na nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe mtu akiomba, macho amefumba, mikono juu: "Bwana, ile enveloppe, uinenepeshe."

Ikanenepa. Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili mtu wa posta akapiga kengele, na kitu alichoniwekea mikononi kilikuwa kama mto wa mtoto mchanga. Jina la chuo kwenye kona. Maman alikaa kwenye ngazi pale pale.

Nilitaka kukifungua. Maman akasema hapana. "Tuliomba mbele ya bantu, tutafungua mbele ya bantu." Nikasema taratibu kwamba bado ni mapema, walisema katikati ya mwezi. Akasema Mungu haangalii kalenda. Patient akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Iko laini." Nami nikabonyeza, na kweli kilikuwa laini, na ninafikiri vidole vyangu vilikijua kile kitambaa papo hapo, lakini mtu aliyetamani kitu tangu likizo kubwa anaweza kujieleza chochote. Nilijiambia ni sweta. Vyuo vya Amerika vina masweta yenye jina lao kifuani, nilikuwa nimeyaona kwenye picha. Usiku ule nilijiuliza kama watakuwa wamejua saizi yangu.

Kanisa letu ni ukumbi wa kupanga, zamani palikuwa gereji, na mvua ikinyesha bado panatoa harufu ya mafuta ya gari. Jumapili hiyo palijaa. Baada ya matangazo Pasteur akaniita mbele, nikaenda nimekikumbatia kile kifurushi, choeur, kwaya yetu, wanaimba, akina maman wanapunga vitambaa. Mkasi ulinishinda, basi Maman Béatrice akanipokonya, akakata upande mmoja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta.

Kikatoka kitenge. Bluu, ndege wa manjano. Kikajifungua chenyewe mpaka chini, kwa sababu Maman Béatrice alikuwa amevuta kwa nguvu ya imani.

Choeur haikunyamaza mara moja. Ilikatika vipande vipande, soprano kwanza, halafu wengine, na Papa Innocent wa besi, ambaye huimba amefumba macho, akaendelea peke yake mstari mzima. Hakuna mtu mle ndani aliyehitaji kuelezwa. Nusu yao walishaposa au kuposewa kupitia kwa Baba Mukubwa. Naye akasimama kwenye safu ya pili, akasema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa.

"Balirudisha."

Maman akakaa chini. Maman Béatrice akaanzisha kilio, kile cha msiba, na wengine wakapokea.

Mimi nilikuwa ninaangalia kiatu changu. Juu ya kiatu palikuwa na barua, ilikuwa imedondoka na kitenge. Nikaiokota nikaisoma. Ilikuwa fupi. Ilisema wanashukuru sana kwa zawadi nzuri ya familia yangu, kwamba sheria yao hairuhusu kupokea zawadi kutoka kwa mtu anayeomba nafasi, ndiyo maana wanairudisha kwa heshima. Jambo hili halina uhusiano wowote na maombi yangu, ambayo bado yanasomwa, na jibu litakuja katikati ya mwezi kama ilivyopangwa. Chini amesaini Bi Doyle, wa ofisi ya maombi.

Nikaisoma mara ya pili. Kwa hiyo nilijua. Ninaomba hili lieleweke, kwa sababu ndilo lenyewe: mtu pekee katika ukumbi mzima aliyejua kwamba sijakataliwa alikuwa ni mimi, na maikrofoni ilikuwa kwenye stendi yake, hatua moja kutoka mkono wangu wa kulia. Lakini Pasteur alikuwa ameweka kiganja juu ya kichwa changu, watu kama themanini walikuwa wanalia kwa pamoja tena kwa utaratibu mzuri, na ili kusema ningelazimika kuwakatiza, kuwaambia wamekosea, na kumwambia Baba Mukubwa, mbele ya ndoa zote alizozifunga, kwamba zawadi inaweza kurudi bila maana yoyote. Nikaikunja ile barua mara nne nikaiingiza kwenye mkono wa sweta. Nitamwambia Papa nyumbani, nilijiambia, polepole.

Nyumbani tulikuta watu wameshatangulia. Walikuja na sombe ya majani ya muhogo, na fufu, na samaki, na viti vya kuazima kwa Mturuki wa chini (yeye akapanda navyo mwenyewe na kunipa pole, sijui aliambiwa nani amekufa). Nilikalishwa katikati. Kila maman alikuwa na kisa cha kunifariji. Mmoja alisimulia jinsi zawadi ya kaka yake ilivyorudishwa mara mbili na familia ile ile, na ya pili ilikuwa mbuzi. "Na leo eko na batoto saba na muke mwingine," akasema. "Kula, mutoto." Nikala. Nikala sahani mbili, barua inanikwaruza mkononi kila nikinyoosha kuchukua fufu. Niambieni, mtu anaanzaje kusema mbele ya samaki wa watu?

Nikaahirisha mpaka Jumatatu.

Jumatatu nilipotoka shuleni nilimkuta Papa ameshika karatasi, ametulia, karibu ana furaha. Asubuhi yeye na Baba Mukubwa walikuwa wamekwenda kwa Tonton Déo, ambaye si ndugu yetu ila kila mtu anamwita hivyo, ana duka la simu na fax mtaa wa tatu kutoka kwetu, wakatuma fax Amerika. Akanipa nakala nisome. Ilikuwa kwa Kifaransa cha Baba Mukubwa, na muhuri wa mutualité. Familia imepokea zawadi yake na imeelewa. Familia haina kinyongo. Familia inaondoa ombi lake, inawaachia ahadi, na inawasamehe.

"Muntu banamukataaka kwa heshima," Papa akasema, "naye anaondokaka kwa heshima. Sasa kichwa yako juu. Imeisha."

Nikaenda kujifungia chooni. Nilikaa humo muda mrefu mpaka Patient akaanza kupiga mlango. Nilikuwa nimenyamaza mara ya kwanza kwa sababu ya kitenge, mara ya pili kwa sababu ya kilio, mara ya tatu kwa sababu ya samaki, na sasa kunyamaza kwangu kulikuwa kumeandika barua ya kujiondoa na kuituma upande wa pili wa bahari na muhuri juu.

Jumanne nilikwenda kwa Tonton Déo moja kwa moja kutoka shuleni, saa ambayo huko ni asubuhi. Vyumba vyake vya simu vina pazia tu, mlango hakuna. Nikampa namba.

Akaiangalia, akaniangalia. "Amerika? Ni kwa bale bale?"

"Ndiyo, Tonton."

"Mutoto wangu." Akainama juu ya kaunta, kwa huruma ya kweli. "Balikurudishia. Usijishushe."

Pazia la chumba cha kwanza likafunguka. Ni Maman Béatrice, alikuwa anaongea na dada yake wa Kampala, na simu bado iko sikioni. "Ni nani? Ni Mapendo? Anabapigia?" Halafu kwenye simu: "Ngoja kidogo, kuna kitu hapa."

Nikaingia chumba cha tatu. Simu ililia huko mbali, nikapokelewa, nikapitishwa, mpaka kwa Bi Doyle mwenyewe. Laini ilikuwa inarudisha sauti yangu, kila nilichosema nilikisikia tena kikija kama mtu mjinga anayeniigiza, ikabidi nipaze. Mimi, kupaza.

Nikasema jina langu. Bi Doyle akasema, "Ah, kitambaa." Akasema walikitundika kwenye ofisi siku mbili kabla ya kukirudisha, kilikuwa kizuri mno. Kisha akasema ana fax mbele yake ambayo imewatatiza. Mwenzake anayejua Kifaransa ameisoma, na kwa kadiri anavyoelewa, watu kadhaa wanawasamehe. "Tulikaa kikao kidogo," akasema. "Hatujui tulifanya nini."

"Hamkufanya kitu," nikasema.

"Sikusikii."

"Hamkufanya kitu," nikapaza.

Nje ya pazia nikasikia Maman Béatrice, ambaye alikaa Kampala miaka minne na Kiingereza anakijua, akimtafsiria Tonton Déo na wengine waliokuwa kwenye foleni: "Anasema habakufanya kitu."

Bi Doyle akaniuliza kama ninajiondoa au sijiondoi. Kamati inakaa kesho. Mtu pekee anayeweza kusema ni mwombaji mwenyewe, si baba wala yule bwana mwenye muhuri. Nikasema sijiondoi. Nikaeleza kwamba kwetu zawadi ikirudi mtu amekataliwa, na familia ilidhani nimekataliwa, na sijakataliwa. Laini ikakoroma, akasema rudia. Nikarudia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: sijakataliwa, sijakataliwa.

"Anasema hakukataliwa," Maman Béatrice akasema huko nje, polepole sana.

"Na ahadi yako iko pale pale?" Bi Doyle akauliza. "Tukikuchukua, utakuja?"

"Ndiyo. Ninaahidi."

"Anaahidi."

"Anaahidi nani?" Tonton Déo akauliza.

"Bale bale."

Nilipofungua pazia palikuwa na watu saba, na mmoja alikuwa Mmoroko aliyekuja kutuma fax ya bima, naye ameshaelezwa kila kitu kwa Kifaransa, akanitikisia kichwa. Maman Béatrice alikuwa bado ameshika simu ya Kampala. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia kuhusu barua.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, taratibu kadiri nilivyoweza, lakini habari ilikuwa imeshanipita njiani. Papa alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa na barua?"

"Ndiyo, Papa."

"Tangu lini?"

"Tangu kanisani."

"Iko wapi?"

Nikaitoa, bado ilikuwa mkononi mwa sweta, imelainika kama kitambaa. Nikamtafsiria mstari kwa mstari, kama ile ya kwanza. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Maman yako alilia mbele ya bantu. Kaka yangu aliandika kwa mukono wake kwamba anasamehe bantu habakumukosea. Na weye uko pale, unakula samaki." Halafu akasema Jumapili nitasimama niseme mwenyewe, maikrofoni ile ile.

Nikasimama. Sitaongeza chumvi: nilisema sentensi nne, macho kwenye doa la mafuta sakafuni. Kwamba hawakunikataa. Kwamba bado wanasoma. Kwamba nilijua na nikanyamaza. Kwamba ninaomba msamaha, na kwa Baba Mukubwa kwanza. Kutoka nyuma Papa Innocent wa besi akauliza, bila ubaya, alitaka tu kujua:

"Sasa tunalia ama tunaimba?"

Pasteur akafikiri. Akasema tungoje. Lakini hakuna aliyejua wimbo wa kungoja, basi tukakaa tu muda, tukatoa sadaka.

Jibu likaja Jumatano iliyofuata. Bahasha nyembamba. Sikuipeleka popote, nilikaa kwenye ngazi pale Maman alipokuwa amekaa, nikaifungua nikaisoma yote mpaka saini. Walisikitika. Waombaji walikuwa wengi na wazuri. Chini, kwa kalamu, Bi Doyle alikuwa ameongeza: wasalimie wote waliosaini. Kama kitenge kilinichongea au hakikunichongea sijui. Madame Susan alisema hapana, lakini alisema haraka. Na baada ya kusema akaenda kumwangalia mtoto, na mtoto alikuwa amelala.

Nilipanda juu nikasema kwa sauti, mezani, kabla ya mtu kuniuliza: "Wamenikataa. Sasa ni kweli." Baba Mukubwa alikuwepo. Alinyoosha mkono, akaipokea ile karatasi, akaigeuza.

"Balituma hii tu?"

"Hiyo tu, Baba Mukubwa."

"Hakuna kitu ya kurudisha?"

"Walisharudisha."

Akaiweka mezani, akaisukuma mbali kidogo na sahani. "Bale bantu habajui kukataa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya heshima zaidi."

Safari hii hakuja mtu. Akina maman walikuwa wameshanililia, na huwezi kumwomba mtu apike sombe mara mbili kwa maiti yule yule. Nililia peke yangu, kama nusu saa, na ile ilikuwa ndiyo nusu saa ya haki niliyoipata katika mambo yote haya, kisha nikanawa uso nikamsaidia Patient hesabu.

Mwezi wa tisa nilijiandikisha chuo cha hapa hapa Brussels. Diplôme, kitambulisho, picha mbili. Mwanamke wa dirishani hakuniuliza ninampenda nani wala mimi ni mjukuu wa nani, na ilichukua dakika kumi, nikatoka nikiwa kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Kitenge Maman alikikata, akanishonea sketi na blauzi. Nami nimeapa: barua yoyote nitakayoshika nitaisoma mpaka mwisho na kusema kilichomo pale pale, hata kama watu wameshaanza kuimba. Ni ngumu, ninafanya mazoezi kwa vitu vidogo. Juzi tramu ilikuwa imejaa, wanaume wanne mlangoni, na kituo changu kinakuja. Nikasema pardon. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili ilitoka kubwa mno, hata dereva akageuka, lakini wakanipisha, nikashuka Schaerbeek, na ndege wangu wote wa manjano.